Barua ya malalamiko: dengu hazikulowekwa, karanga haikutajwa

Kwa Bwana Msimamizi wa mgahawa,
Lubumbashi

Kuhusu: chakula cha Jumamosi jioni, meza ya watu wanne barazani

Bwana,

Tunakuandikia sisi wanne tuliokula kwenu Jumamosi jioni. Kazi yetu ni upishi wa karamu, na vyakula vya Lebanoni na Ugiriki ni sehemu ya kazi hiyo. Kwa hiyo hatulalamiki kwamba ngisi alitoka kwenye friza, wala kwamba mafuta ya zeituni yalikuwa machache. Bahari iko mbali na forodha tunaijua. Tunalalamikia mambo yanayotaka muda na uangalifu tu, pamoja na moja ambalo lingeweza kumfikisha mtu hospitali.

Tuanze na hilo. Humusi yenu, lile rojo la dengu kubwa za mviringo, ilikuwa na siagi ya karanga. Ulimi uliitambua mara moja, na mhudumu tulipomtuma jikoni alirudi kutuambia kwamba tahini, yaani siagi ya ufuta, iliisha, ikawekwa karanga. Tunaelewa mpishi alivyofikiri: karanga iko kila soko, tahini bei yake haishikiki. Lakini menyu yenu inasema dengu, tahini, limau na kitunguu saumu. Mwenye mzio wa karanga akisoma hivyo atachovya mkate bila wasiwasi, na dakika chache baadaye koo linaweza kuvimba. Tahini ikiisha, ondoeni humusi siku hiyo. Au nunueni ufuta mweupe, mukaange kwa moto mdogo bila kuuacha uwe kahawia, kisha musage na mafuta kidogo mpaka uwe laini. Ufuta nao una watu unaowadhuru, basi uandikwe pia.

Karanga haikuficha kasoro nyingine ya bakuli hilohilo: maganda na chembe ngumu zilizobaki kwenye meno. Dengu ziliondolewa motoni mapema. Lubumbashi iko kwenye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na hapa maji huchemka kwenye nyuzi kama 96, si 100. Saa moja inayotosha Beirut, pwani, hapa haitoshi. Lowekeni usiku kucha kwa maji mengi, mwageni yale maji, chemsheni na nusu kijiko kidogo cha bikaboneti (soda ya kuoka) kwa nusu kilo ya dengu kavu, mpaka ukibonyeza moja kati ya vidole viwili isibaki na kiini. Sufuria ya presha ingewapunguzia makala na muda. Zisagwe zikiwa bado na moto.

Falafeli, tonge za dengu za kukaanga, ndiyo iliyotusikitisha zaidi, kwa sababu ni chakula rahisi kikiheshimiwa. Tulipokipasua kimoja, ndani hakukuwa na punje wala ukijani wa majani. Kulikuwa na donge jeupe, zito, linalonuka unga wa ngano, na mafuta yaliyochuruzika mpaka kwenye karatasi. Hapo jikoni kilichotokea kinajulikana: dengu zilizokwisha kupikwa, huenda za mkebe, zilisagwa, rojo likawa halishikani, ukaongezwa unga. Falafeli haitaki dengu iliyopikwa. Inataka dengu kavu iliyolowekwa saa 12 hadi 24, ikachujwa vizuri, ikasagwa ikiwa mbichi mpaka ifanane na chenga za mchele, pamoja na kitunguu, kitunguu saumu, jira, giligilani na majani mengi. Wanga wa dengu mbichi huiva ndani ya mafuta na ndio unaoshika tonge. Ule uliokwisha kuiva sufuriani hauna nguvu hiyo tena. Bikaboneti iingie dakika za mwisho kabla ya kukaanga, maana ikikaa muda mrefu hewa yake huisha. Mafuta yawe kwenye nyuzi 170 hadi 180, na msijaze sufuria: tonge nyingi kwa pamoja hupoza mafuta, na falafeli huanza kuyanywa badala ya kukaangika. Mama yeyote wa soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, anayepika maharagi anajua kuyaloweka tangu jana yake. Mgahawa unaodai bei yenu haukosi kujua.

Sasa shawarma ya kuku, nyama inayookwa kwenye mti wa chuma unaozunguka na kukatwa vipande, sahani mbili. Umeme ulikatika kabla hatujaagiza, na kutoka barazani tuliona mti wa nyama umesimama bila kuzunguka. Nyama iliyokwisha kukatwa ilikuwa kwenye trei iliyo wazi, na hiyo ndiyo iliyopitishwa juu ya bamba la moto kuletwa kwetu. Vipande vyembamba vilikuwa vikavu kama gome, na vile vinene vilikuwa na uwaridi katikati. Rangi peke yake haithibitishi kitu, kinachothibitisha ni kipimajoto: kuku afike nyuzi 74 ndani. Nyama iliyoiva ikae juu ya nyuzi 60 au chini ya 5, kwani katikati ya hapo bakteria huongezeka haraka. Mti ukisimama, kateni tabaka la nje lililoiva tu, mliweke kwenye chombo chenye moto wa kweli. Kilichobaki kwenye mti kikizubaa kwenye uvuguvugu zaidi ya saa mbili, kitupwe. Inauma, lakini vipande vinene vinavyoupa mti unene wa haraka ndivyo vinavyosababisha hasara hiyo. Tuliacha sahani zote mbili.

Ngisi alikuwa mpira. Dakika moja na nusu kwenye mafuta ya nyuzi 180 humtosha, mradi akaushwe kabla ya unga. Mikate ilipashwa kwenye mikrowevu, ikawa ngumu kabla hatujamaliza humusi. Ingepitishwa juu ya jiko la makala sekunde chache kila upande. Na kile mnachokiita feta ya Ugiriki kilikuwa jibini ya maziwa ya ng'ombe, inayonyumbuka. Feta halisi hutoka kwa maziwa ya kondoo, ya mbuzi yakiruhusiwa hadi 30%, na tangu 2002 Umoja wa Ulaya umelilinda jina hilo. Sheria ile haifiki hapa, lakini "jibini nyeupe" kwenye menyu isingemkasirisha mtu.

Mwisho ni bili. Meze, yaani sahani ndogondogo za kuanzia, dola 30, shawarma mbili 28, ngisi 16, mikate ya ziada 4: jumla 78. Chini ya menyu mmeandika kwamba bei zina TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ndani yake, lakini bili imeongeza 16% juu, yaani dola 12.48, tukalipa 90.48.

Tunaomba mturudishie hizo 12.48 na 28 za shawarma, jumla dola 40.48, pamoja na bili iliyosahihishwa. Pia tunaomba karanga iandikwe kwenye menyu au iondoke jikoni wiki hii. Hilo halisubiri majibu ya barua. Nakala ya bili tumeiambatisha, na ya asili tunayo.

Senti mnaweza kutoa kwa franka. Dola ziwe nzima, maana iliyochanika hata nyinyi hamuipokei.

Wateja wenu wa meza ya barazani