Karo liwemo kwenye ramani kabla ya msingi kuchimbwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo kuhusu kurasa zenu za nyumba na makazi. Nazisoma kila zinapotoka. Mnaeleza vizuri habari za paa, vigae, rangi, hata taa za sebuleni, lakini sijaona ramani hata moja inayoonyesha karo la maji taka, yaani tangi la chini ya ardhi linalopokea maji ya chooni, litakaa wapi. Mimi ni fundi bomba, na nyumba mpya ninazoitwa kwa sababu ya harufu au choo kinachorudisha maji zina chanzo kinachofanana: mwenye nyumba alianza kuwaza karo wakati ameshapaua, akalichimba kwenye nafasi iliyobaki.

Nafasi iliyobaki mara nyingi ndiyo mbaya kuliko zote. Pengine iko juu kuliko choo, bomba likakosa mteremko. Pengine inapakana na kisima, au iko nyuma kabisa ambako gari la kunyonya maji taka haliwezi kufika. Mambo haya ni rahisi kuyaepuka kwenye karatasi. Baada ya ukuta kusimama, hayarekebishiki bila kubomoa.

Wengi wanaamini kwamba karo ndilo linalosafisha maji. Kazi yake kubwa ni kutenganisha. Vizito huzama vikawa tope, ambalo huoza taratibu. Mafuta huelea juu yakawa utando. Katikati hubaki maji yanayoonekana afadhali. Ni hayo ya katikati yanayotoka kwenda kwenye shimo la kunyonyea, lile la pembeni ambamo maji hunywewa na udongo, nayo bado yanaweza kubeba vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na mayai ya minyoo. Anayeyasafisha hasa ni udongo. Maji yakipenya polepole kwenye udongo mkavu wenye hewa, vijidudu hunaswa na kufa humo. Kwa hiyo kati ya sakafu ya shimo na maji ya ardhini inatakiwa ibaki angalau mita 1.5 ya udongo mkavu, hata mvua zikiwa nyingi, na kutoka shimo hadi kisima pawe na mita 30 au zaidi.

Kabla ya kukubali mahali, pima udongo. Haihitaji mtaalamu wa mbali. Chimba kishimo hadi kina ambacho maji yatanyonywa, kijaze maji, kiache usiku kucha udongo ushibe. Kesho yake jaza tena, kisha angalia saa na rula. Maji yakichukua zaidi ya saa nzima kushuka sentimita 2.5, udongo huo ni mzito, shimo litafurika. Yakishuka kiasi hicho chini ya dakika moja, usifurahi: yanapita haraka mno, yanakwenda chini na uchafu wake. Tafuta sehemu nyingine ya kiwanja, au tengeneza mfumo mwingine unaofaa ardhi hiyo.

Karo lenyewe liwe na vyumba viwili, cha kwanza kikichukua karibu theluthi mbili za ujazo, na maji yapate kutulia humo angalau saa 24. Kwa familia ya watu sita sipendi kushuka chini ya lita 3,000. Bomba linaloingia likae juu ya linalotoka kwa sentimita 5 hadi 7, na kutoka chooni lishuke sentimita 2 hadi 2.5 kwa kila mita. Nasisitiza sana tii ya kutokea, kipande kidogo cha bomba chenye umbo la herufi T ambacho mafundi wengine hukiruka. Mguu wake unazama chini ya utando na kuchota maji ya katikati peke yake. Bila tii, mafuta na tope hukimbilia shimoni, matundu ya udongo yanaziba, na shimo ambalo lingedumu miaka mingi linakufa mapema. Kulifufua ni kazi ngumu. Mara nyingi unachimba jingine.

Halafu mifuniko. Kila chumba kiwe na wake, uonekane na uweze kunyanyuliwa. Nyumba moja niliyoitwa, karo lilikuwa chini ya vigae vya veranda. Tuligonga kwa nyundo kigae baada ya kigae tukisikiliza mlio wa uwazi, na mwenye nyumba, mama wa makamo, akiwa ameshika ufagio ananiuliza, "Fundi, mwanangu, utavunja vingapi?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Matunzo hayana mengi. Maji ya mvua kutoka paani yasielekezwe kwenye karo. Mafuta ya jikoni yanaswe kwenye chemba yake. Taulo za kike, nepi na vitambaa vya kufutia visitupwe chooni, na juu ya shimo la kunyonyea lisipite gari wala usipandwe mti mkubwa. Unga unaouzwa kwamba unakula tope hauhitajiki, maana kinyesi chenyewe kimekuja na vijidudu vya kazi hiyo. Ingiza kijiti kirefu kilichozungushiwa kitambaa cheupe. Tope litaacha alama. Tope na utando vikifika theluthi moja ya kina, ita gari. Kwa nyumba nyingi ni kila baada ya miaka 3 hadi 5.

Na mtu yeyote asiingie ndani ya karo, hata likiwa limenyonywa. Hewa ya humo hunuka kama yai viza mwanzoni, ikizidi inaua uwezo wa pua kunusa, kisha inamuua mtu. Anaanguka mmoja, wa pili anashuka kumwokoa, wanapotea wote.

Ombi langu, Mhariri, ni hili: mtakapochapa tena ramani ya nyumba, chapeni kiwanja kizima. Pawe na nyumba, kisima, karo na mifuniko yake, shimo la kunyonyea, mshale wa mteremko, na njia ya gari la kunyonya kutoka getini. Wahusika wanaokagua ramani za wananchi nao wasigonge muhuri kabla hawajaviona hivyo vyote.

Wako msomaji,
Fundi bomba