Barua kwa mwanangu aliye kambini: zile chupa za friji ya baba yako

Mwanangu,

Jana ulipokata simu nilikaa jikoni mpaka chai ikapoa, si ati nilikasirika, nilikuwa natafuta maneno. Na naandika Kiswahili kwa sababu Kikalenjin cha kuandika kwa simu kinanishinda, na hata wewe ukikisoma utakwama njiani.

Ulisema hivi: "Mum, si wangeruhusu tu hizo dawa za kuongeza nguvu kila mkimbiaji atumie, tujue moja." Halafu ukacheka. Mimi najua kicheko chako cha mzaha na najua kile kingine.

Haki yako nakupa kwanza, hukusema upuzi. Watu wa kupima dawa wanakuja alfajiri kugonga mlango wa chumba cha mabati wanataka mkojo, na ukikosekana mahali uliandika utakuwa mara tatu ndani ya mwaka unafungiwa kushindana hata kama hujawahi kuona sindano. Na orodha ya Wakenya waliofungiwa inapita mia moja, wengine majina makubwa yale mlikuwa mnabandika ukutani. Asbel Kiprop, bingwa wa Olimpiki, miaka minne. Jemima Sumgong, mwanamke wa kwanza wa Kenya kushinda marathon ya Olimpiki, Rio 2016, hata mwaka haukuisha akapatikana na EPO, ile sindano ya kuongeza damu, na kwa sababu alileta hadithi ya uongo wakaongeza mpaka ikawa miaka nane. Halafu Ruth Chepngetich wetu, ule wa rekodi ya dunia ya marathon, 2:09:56 pale Chicago 2024, tulipiga nduru mpaka mbwa wa jirani wakabweka, mwaka uliofuata akapatikana na dawa ya kutoa maji mwilini, akasema alikunywa dawa ya msichana wake wa kazi, akapewa miaka mitatu. Lakini ile rekodi ya Chicago haikufutwa, kwa sababu ni ya kabla ya hicho kipimo. Sasa kijana kama wewe akiangalia hayo yote lazima aulize hii sheria inalinda nani, hata mimi naulizanga.

Lakini hiyo EPO unayotaja kama mtu anataja sukari, wewe ulikua nayo kwa nyumba. Unakumbuka ule mkebe wa Blue Band kwa mlango wa friji, karibu na maziwa, nilikukataza kuugusa? Ndiyo hiyo. Figo ndizo hutuma ujumbe kwa mifupa itengeneze damu, za baba yako zilikuwa zimekufa, kwa hivyo damu ilikuwa inapungua tu. Tulianza akiwa na HB, kile kipimo cha wingi wa damu, ya 6, kutoka kitandani mpaka kwa choo alikuwa anapumzika mara mbili, ameshika ukuta. Sindano moja ilinila zaidi ya elfu moja, na nesi akanifundisha mwenyewe kudunga, chini ya ngozi ya tumbo, chupa isitikiswe, isigande, isipate joto. Stima ikipotea ni wewe nilikutuma kwa yule mama wa soda kuomba barafu, ukarudi mbio na kikombe, mi husema hapo ndipo ulijifunza kukimbia.

Ikafika 10, akaanza kutembea mpaka kwa ng'ombe. Akafurahi, unajua vile alikuwa, akamwambia daktari aongeze dozi kidogo ili aweze kulima tena. Daktari akakataa kabisa, akasema hii kitu tunapima kila mwezi na ikikaribia 12 tunapunguza, ikipita hapo damu inakuwa nzito, moyo unasukuma kama trekta kwa matope, mtu analala mzima anaamka upande mmoja umekufa. Hiyo ni kwa mgonjwa ambaye hana damu! Sasa wewe uko Iten, mita 2,400 juu, mwili umejitengenezea damu yake ya kutosha bila kuombwa, unatoka kukimbia kilomita 35 ukiwa umekauka maji, halafu uongeze hiyo juu yake, ulale kwa chumba pekee yako moyo ukipiga polepole vile mioyo yenu wakimbiaji hupiga. Nani atakupima kila mwezi? Yule anayekuuzia?

Najua utaniambia ikiruhusiwa kutakuwa na madaktari, kila kitu wazi. Hiyo ilishafanywa. Ujerumani Mashariki, serikali yenyewe, na madaktari wake na maabara na vitabu vya kuandika nani amepewa ngapi. Wasichana wadogo waogeleaji na warusha tufe walipewa tembe za buluu wakaambiwa ni vitamini, medali zikaja kweli, sauti zikawa nzito, ndevu zikaota, wengine maini yakaharibika. Mwaka 2000 mkubwa wa michezo yao na daktari wake walishtakiwa Berlin wakapatikana na hatia, lakini wale wasichana miili yao haikurudishwa na hukumu. Daktari alikuwepo, mwanangu. Shida ni alikuwa daktari wa medali.

Na hii michezo ya Las Vegas unanitumia video zake, ile ya kuruhusu dawa, mpaka dola milioni kwa atakayevunja rekodi. Niliangalia vizuri nikiwa nimevaa miwani. Kuna kuogelea, kuna mita 100 na kuruka viunzi, kuna kubeba vyuma. Marathon hakuna. Elfu kumi hakuna. Kwa hivyo hata hapo kwenye ruhusa hawakukupangia kiti. Na yule Mgiriki wao, Gkolomeev, alikunywa dawa zake zote akavaa na ile nguo ya kuogelea iliyopigwa marufuku, akapita rekodi ya dunia ya wakati huo ya mita 50 kwa sehemu mbili za mia za sekunde. Mbili! Nikajiuliza huyu amebadilishana nini na nini.

Kitu kinanisumbua zaidi hata si afya. Leo mtu akikuambia tumia, unaweza kusema hapana, watanifungia, na maneno yanaisha hapo, hakuna atakayekuona mjinga. Siku watasema ni sawa, ile hapana yako inageuka uvivu. Meneja ataangalia muda wako wa nusu marathon atakuuliza uko kwa programu gani ya dawa, na ukisema huna programu tiketi ya Ulaya inaenda kwa kijana wa kitanda cha pili. Na pesa ya programu itatoka wapi, tutauza ng'ombe gani, huyu mmoja wa maziwa? Mzungu ataletewa na mdhamini wake, pamoja na daktari wa kumpima damu. Wewe utanunua kwa mtu amebeba kwa begi.

Sasa nikuambie kitu sijawahi kukuambia. Wiki ya matanga ya baba yako zilikuwa zimebaki chupa tatu kwa ule mkebe. Kijana fulani wa traksuti alikuja kutupa pole, akala, akaomba, akaomba vizuri sana hata shangazi yako akalia, halafu akanifuata jikoni akaniuliza polepole, "Mama, zile sindano za mzee ziko?" Akasema elfu kumi na tano. Siku hiyo mwenye tenti na viti alikuwa anangoja pesa yake pale nje kwa lango, na mimi sikuwa nayo. Sitakudanganya nilikataa haraka. Nilifungua friji nikasimama hapo mpaka baridi ikaingia kwa mikono, yeye ameegemea mlango anaangalia ule mkebe, si mimi. Nikamwambia zilishaharibika, stima ilipotea.

Jumatatu nilizibeba kwa thamosi yenye barafu mpaka kule baba yako alikuwa anasafishwa damu, nesi akaziangalia akampa yule mama wa kitanda cha dirishani aliyekuwa anatuletea ndizi, kwake zilikuwa zimeisha wiki mbili. Tenti nililipa mwezi uliofuata, kwa maziwa.

Huyo kijana nilimwona kwa picha ya kambi yenu uliyonitumia Pasaka, wa tatu kutoka kushoto, amekuwekea mkono begani. Kama ni yeye ndiye ameanza haya maneno ya kuruhusu, muulize tu kama anakumbuka friji ya mama yako, halafu unipigie uniambie alijibu nini. Piga baada ya saa mbili usiku, kabla ya hapo niko kwa ng'ombe.

Mamako