"Kuku wenu wana dawa?" Jibu letu kwa wateja

Swali hili tunaulizwa karibu kila siku hapa bandani. Jibu la haraka lingekuwa "hawana", ukachukua kuku wako ukaenda. Tunaomba dakika mbili, maana ndani ya swali hilo mna mambo mawili.

La kwanza ni mabaki ya dawa kwenye nyama. Pakiti ya antibiotiki, yaani dawa ya kuua bakteria, huandikwa siku za kusubiri kabla ya kuchinja. Mfugaji akizihesabu, mabaki hushuka hadi kiwango kinachoruhusiwa. Hilo linawezekana, na tunalifanya.

La pili ndilo linalotukosesha usingizi: usugu, yaani bakteria kuizoea dawa isiwaue tena. Kuku akinyweshwa dawa, bakteria dhaifu tumboni mwake hufa, wale wachache wanaoihimili hubaki na kuzaana. Siku za kusubiri zikiisha, dawa imetoka lakini bakteria sugu wanaweza kuwa bado wamo. Siku ya kuchinja utumbo ukitoboka, wanahamia kwenye ngozi, na kuku anafika jikoni kwako akionekana msafi kabisa. Dawa zenyewe pia ni ndugu. Enrofloksasini ya kuku ni ya ukoo mmoja na siprofloksasini anayoandikiwa mtu hospitali. Bakteria aliyeizoea ile ya bandani mara nyingi hii ya pili nayo haimtishi.

Inauma zaidi kuona dawa nyingi zinamwagwa pasipohitajika. Magonjwa ya kuku ya kideri na Gumboro huletwa na virusi, na antibiotiki haiviwezi. Kinga yake ni chanjo. Sisi tunachanja kideri siku ya 7 na Gumboro siku ya 14: vifaranga wanaachwa na kiu saa moja hivi asubuhi, kisha wanawekewa chanjo kwenye maji yasiyo na klorini, yenye maziwa ya unga kidogo. Ukiwaona wanavyopandiana kwenye vinyweshaji, unajua kila mmoja atapata fungu lake.

Sasa jikoni. Bakteria sugu hufa kwa moto kama wengine, mradi nyama ya paja karibu na mfupa ifike nyuzi 74. Hatari iko kabla ya moto. Tafadhali usimwoshe kuku kwa maji ya bomba, matone yanaruka hadi kwenye vyombo vilivyokauka. Ndimu na siki zinatoa shombo tu, msizitegemee kuua bakteria. Na kile kibao ulichokatia kuku, kioshe kwa sabuni na maji ya moto kabla hujakatia nyanya za kachumbari, kwa kuwa kachumbari haipiti motoni.

Kundi letu la pili lilianza kukoroma wiki iliyopita. Daktari wa mifugo aliwapasua wawili, akathibitisha ni bakteria, akaandika dawa. Tumewapa dozi kamili, na hawatachinjwa mpaka siku za kwenye pakiti ziishe. Ukiagiza kuku wa Jumamosi hii tukakwambia hawatoshi, sababu ni hiyo.