Barua ya wazi kwa Mkuu wa Cadw, idara ya serikali ya Wales inayotunza majengo na mabaki ya kale: kanisa likiuzwa, jiwe lisifungiwe

Mheshimiwa,

Nakuandikia hadharani kuhusu mawe ya kumbukumbu ya Wakristo wa kale wa Wales, hasa yale yaliyojengewa ndani ya makanisa.

Llangadwaladr, kisiwani Anglesey, ukutani mna jiwe la karne ya 7 la Mfalme Cadfan wa Gwynedd, ufalme wa kale wa kaskazini-magharibi mwa Wales. Kilatini chake kinamwita Catamanus, mwenye hekima na sifa kuliko wafalme wote. Kule Nevern, jiwe la Maglocunus mwana wa Clutorius limelazwa chini ya dirisha, jina lake likiwa kwa Kilatini na kwa Ogham, maandishi ya kale ya mistari yaliyotoka Ireland. Linalonigusa zaidi liko Penmachno. Marehemu Cantiorix anatajwa kuwa raia wa Gwynedd na binamu wa Maglus, hakimu. Majeshi ya Roma yalikuwa yamekwisha kuondoka Uingereza mwanzoni mwa karne ya 5, lakini huku milimani watu bado walijivunia uraia na uhakimu, wakauchonga kaburini. Sijui ushahidi gani mwingine ungetuambia hayo waziwazi namna hii.

Sasa makanisa mengi ya vijijini yamepungukiwa waumini. Yanafungwa, mengine yanauzwa yawe makazi. Jiwe lililo ukutani huuzwa pamoja na ukuta, na lile lililoegeshwa tu pembeni ni rahisi hata kubebwa.

Wapo watakaokushauri yote yang'olewe yapelekwe makumbusho. Tafadhali usikubali upesi. Kwetu Unguja, msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Msikiti ulijengwa upya karne ya 18, maandishi yakabaki kwenye kibla, na watu wanaswali hapo mpaka leo. Jiwe la marehemu likae karibu na walipo watu wake. Paa likivuja na fedha za kuliziba hakuna, basi jiwe lihamishiwe kanisa la jirani kabla ya kufikiria makumbusho ya mjini.

Ninachoomba ni kwamba kanisa lenye jiwe la namna hii lisiuzwe kabla jiwe halijapigwa picha na kupimwa upya, na hati ya mauzo imlazimishe mnunuzi kuwafungulia mlango wanaotaka kulisoma. Jibu lako nalo, Mheshimiwa, ulitoe hadharani.

Wako mtiifu,
Mzaliwa wa Unguja, mkazi wa Wales