Wanafunzi wa zamani Mlimani hatukuwa mabubu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Wiki iliyopita msomaji mmoja alilalamika kwamba vijana wa vyuo vikuu wamezidi kelele, akawataka waige wanafunzi wa enzi za Mwalimu Nyerere, ambao eti walisoma, wakanyamaza na kutii. Mimi nilikuwa mmoja wao. Niliingia Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1971 kusomea ualimu, na huo ukimya anaousema sikuukuta.

Waliotutangulia nao hawakuwa kimya. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga kulazimishwa kwenda JKT (Jeshi la Kujenga Taifa). Mwalimu alikasirika, akawarudisha makwao karibu 400. Kwa maoni yangu madai yao hayakuwa ya haki, maana nchi iliyokuwa inawasomesha ilikuwa maskini mno. Hata hivyo, siku hiyohiyo Mwalimu alitangaza kujikata mshahara wake kwa asilimia 20, na miezi michache baadaye likaja Azimio la Arusha, lililowabana viongozi wasijilimbikizie mali. Hakuna atakayenishawishi kwamba mambo hayo hayakuhusiana.

Mwaka 1969 vijana wa USARF, chama cha wanafunzi wanamapinduzi ambacho Yoweri Museveni aliwahi kukiongoza, walianzisha jarida la Cheche. Lilipigwa marufuku mwishoni mwa 1970. Nilipofika, Umoja wa Vijana wa TANU pale chuoni ulikuwa unatoa jingine, Maji Maji. Kwa kuwa nilijua kupiga taipu, nilipewa kazi ya stensili, yaani kupiga makala kwenye karatasi ya nta ya kudurufia. Ukikosea herufi moja unapaka dawa ya kusahihishia, inanuka kama rangi ya kucha, unasubiri ikauke, unapiga tena juu yake. Mashine ya kudurufu ilizungushwa kwa mkono, na wino haukutoka vidoleni hata kwa sabuni ya mche. Makala ikija ndefu isiyo na hoja tulimrudishia mwenyewe, awe mwanafunzi au mhadhiri.

Julai 1971 kiongozi wetu wa DUSO, chama cha wanafunzi wa chuo, Symonds Akivaga, alikamatwa na kurudishwa kwao Kenya. Tuligoma, na walimu wengi wakawa upande wetu. Mwaka 1978, nikiwa tayari nafundisha mkoani, wadogo zetu waliandamana kupinga nyongeza za maslahi ya viongozi, nao wakatimuliwa kwa mamia. Huo ndio utii anaousema?

Lakini migomo ilikuwa ya siku chache tu. Kilichotulea ni mijadala ya jioni. Walter Rodney alikuwa anafundisha historia, na alipozungumza Ukumbi wa Nkrumah ulifurika, waliochelewa wakasikilizia nje. Akimaliza hakuondoka. Alikaa, akaulizwa, akapingwa, akajibu. Wengine nao walifanya hivyo. Jioni moja nilisimama, na wasichana tulikuwa wachache sana, nikamuuliza mhadhiri kwa nini katika maelezo yake yote kuhusu wakulima hakumtaja mwanamke hata mara moja, ilhali kwetu Upare jembe linashikwa na mama. Ukumbi ulilipuka kwa kelele. Hakunikaripia. Aliliandika swali langu, na wiki iliyofuata akaja na jibu. Halikuniridhisha, tukaendelea kubishana kwenye foleni ya chakula, yeye na sahani yake, mimi na yangu.

Mjukuu wangu anasoma chuo kikuu sasa. Ananiambia mabishano yao yako WhatsApp, usiku wa manane, na mhadhiri hayumo. Vijana hawa wana hoja, nimewasikia sebuleni kwangu. Wanachokosa ni mtu mzima aliye tayari kukaa mbele yao na kupingwa hadharani. Nawaomba wakuu wa vyuo watenge jioni moja kwa wiki, wafungue kumbi, wahadhiri waje, mawaziri na wabunge nao waalikwe, na asiwepo wa kuandika majina ya waliouliza maswali makali.

Kwa tuliosoma zamani nina ombi jingine. Majarida, vipeperushi na mihtasari ya mikutano tuliyoificha masandukuni tuipeleke Maktaba ya Chuo Kikuu, kitengo cha East Africana kinachotunza maandishi ya Afrika Mashariki, ili vijana wajisomee wenyewe tulivyobishana. Nakala zangu za Maji Maji nimeshaanza kuzipanga. Wenye nakala za Cheche, nyingi zilipotea baada ya lile katazo, tafadhalini msiziache ziliwe na mchwa.

Mwalimu mstaafu,
Kimara, Dar es Salaam