Picha zinashindwa kabla majaji hawajaziona

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili niseme na viongozi wa klabu za wapiga picha wa ridhaa hapa Tanga, hasa wale wanaoandaa mashindano ya wanachama. Kila matokeo yanapotangazwa, lawama huwaangukia majaji: wamependelea, hawana jicho, wametazama bei ya kamera. Majaji wana makosa yao, nitayafikia. Lakini picha nyingi huwa zimeshapoteza alama kabla jaji hajakaa kitini. Zinapotea sehemu tatu: kwenye simu ya anayezipokea, kwenye mashine ya studio, na kwenye projekta.

Nianze na simu. Tangazo husema tu, "Tuma picha yako WhatsApp kwa namba hii." Kamera ya megapikseli 24 hutoa picha ya pikseli 6,000 kwa 4,000. Ukiituma kama picha ya kawaida, WhatsApp huibana hadi upande mrefu ubaki na pikseli 1,600 hivi, na taarifa zilizomo ndani ya faili, yaani tarehe, kasi ya shata, tundu la lenzi, hufutwa zote. Kwenye kioo cha simu huoni tofauti yoyote. Ngoja isafishwe. Kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi, pikseli 1,600 zinatosha inchi 5 na ushei tu. Waandaaji wakiilazimisha ifike inchi 12, kila inchi inabaki na nukta 133. Nyuzi za wavu wa mvuvi zinagandana, na mawe ya makaburi ya Tongoni yanaonekana kama yamemwagiwa uji. Jaji anaandika "haina ukali", mwenye picha anakwenda kuilaumu lenzi yake, wengine hata wanaiuza.

Dawa yake haina gharama. Tangazo liseme picha itumwe kama dokumenti, au kwa barua pepe, au iletwe kwenye flashi. Iwe JPEG, upande mrefu usipungue pikseli 3,600, na rangi ziwe za sRGB, mfumo wa rangi unaosomwa na vifaa vingi. Hilo la rangi watu hulipuuza. Kamera iliyowekwa Adobe RGB, mfumo mwingine wa rangi, hutoa faili ambayo mashine na projekta nyingi haziisomi sawasawa, na kanga nyekundu inatoka kama imefuliwa mara mia. Jina la faili liwe namba ya mshiriki na namba ya picha, kwa mfano 014-2, bila jina la mtu. Kisha anayepokea afungue kila faili siku hiyohiyo, atazame idadi ya pikseli, na aliyekosea aambiwe mapema. Ni kazi ya dakika moja kwa picha. Ikiachwa hadi usiku wa kuamkia mashindano, haifanyiki.

Studio nayo ina mambo mawili. La kwanza ni saizi. Kamera nyingi hupiga kwa uwiano wa 3 kwa 2, ambao unalingana barabara na karatasi ya inchi 8 kwa 12. Klabu ikiagiza 8 kwa 10 kwa sababu fremu zake ni rahisi kupatikana, inchi 2 kati ya 12 zinakatwa, sehemu moja ya sita ya picha, na mashine haijui kichwa wala miguu. Chagueni 8 kwa 12. Anayepiga kwa simu, ambayo kwa kawaida ni 4 kwa 3, akate mwenyewe kabla ya kutuma. Atapoteza sehemu moja ya tisa ya ule upande mfupi, ila ataamua yeye ipotee juu au chini.

La pili ni marekebisho ya mashine yenyewe. Chukua picha tunayoipenda sote pwani, ngalawa nyeusi mbele ya jua linalochomoza. Mashine ikiona weusi mwingi hudhani mpigaji amekosea, inaing'arisha. Lile tanga jeusi la ngalawa linageuka rangi ya majivu na anga inaungua. Mwambieni fundi azime marekebisho hayo, na kabla ya kusafisha zote asafishe tatu za majaribio: moja nyeusi na nyeupe, moja ya uso wa mtu, moja ya macheo. Ile nyeusi na nyeupe ikitoka na ukijani au uzambarau, msiendelee hadi mashine isawazishwe. Picha zote zisafishwe studio moja, siku moja, karatasi ya aina moja isiyong'aa, maana taa za ukumbini huakisi kwenye karatasi inayong'aa na jaji anabaki kutazama balbu. Mshiriki mmoja akiruhusiwa kuleta ya kwake aliyosafishia Dar es Salaam kwenye karatasi nzito, shindano limegeuka la karatasi.

Wasio na fedha za kusafisha hutumia projekta. Sina ugomvi nayo, ila inadhulumu picha za wima. Projekta ya pikseli 1,920 kwa 1,080 huonyesha picha ya mlalo ya 3 kwa 2 kwa pikseli 1,620 kwa 1,080. Picha ya wima inabanwa na kimo, inapata 720 kwa 1,080, chini ya nusu ya eneo la mwenzake. Jaji hajui kama amependelea. Jicho lake limeipenda iliyo kubwa. Weka kanuni kwamba upande mrefu wa kila picha usizidi 1,080, iwe ya mlalo au ya wima, na dhuluma hiyo inakwisha. Halafu fungeni mapazia. Mwanga wa dirishani ukigusa pazia la projekta hakuna tena cheusi. Tengenezeni picha ya ngazi 10 za kijivu kutoka cheusi hadi cheupe muionyeshe kwanza. Ngazi mbili za giza zisipotofautiana, ukumbi hauko tayari.

Sasa majaji. Wawe watatu au watano, wasione majina, na mwalimu asihukumu shindano alilo na wanafunzi wake. Hayo yanajulikana. Lisilojulikana ni hesabu ya kujumlisha alama. Tuseme alama ni 10. Picha ya kwanza inapata 7, 7 na 3, jumla 17. Ya pili inapata 6, 6 na 9, jumla 21. Ya pili inashinda, ingawa majaji wawili kati ya watatu waliipenda ya kwanza. Jaji anayetoa kati ya 3 na 9 ana nguvu kuliko wenzake wawili wanaocheza kati ya 6 na 7, na huenda hakukusudia. Kwa hiyo alama zitumike kuchuja tu. Zikibaki picha 12, kila jaji azipange kwa nafasi, ya 1 hadi ya 12, na nafasi ndizo zijumlishwe. Yenye jumla ndogo ndiyo mshindi. Kwa mfano wetu, ya kwanza ina 1, 1 na 2, jumla 4, na ya pili ina 2, 2 na 1, jumla 5.

Pia, kabla ya alama yoyote, picha zote zipitishwe mara moja mbele yao, sekunde 3 kila moja. Picha 60 ni dakika 3. Bila hivyo zile za mwanzo hupewa 5 za ubahili kwa kuwa jaji anaogopa kumaliza alama mapema.

Kuhusu kuhariri, andikeni mipaka kwa kila kundi. Kukata, kurekebisha mwanga, kufuta vumbi la lenzi na kugeuza kuwa nyeusi na nyeupe viruhusiwe kote. Kubadilisha anga, kuongeza ndege, kufuta nyaya za umeme za mtaa wetu wa Ngamiani visiruhusiwe kwenye kundi la maisha ya mtaani wala la mandhari halisi. Simu za siku hizi hufuta mtu mzima kwa kidole, kwa hiyo walioingia kumi bora waombwe faili ya asili kabla matokeo hayajatangazwa. Wakubwa wenyewe yamewakuta. Mwaka 2009 mshindi mkuu wa shindano la picha za wanyamapori linaloandaliwa na jumba la makumbusho la historia ya viumbe la London alikuwa na picha ya mbwamwitu akiruka lango. Mwezi Januari 2010 alivuliwa ushindi baada ya majaji kuridhika kwamba huenda mnyama huyo alikuwa wa kufugwa, ingawa mpigaji alikana. Mwaka 2023 Mjerumani Boris Eldagsen alikataa tuzo ya Sony World Photography Awards akieleza kwamba picha yake ilitengenezwa kwa akili mnemba. Kama wao ilibidi waambiwe, klabu yetu isijidai itatambua kwa macho.

Mada nazo ziwe finyu. "Uzuri wa Tanga" si mada, ni salamu. "Baiskeli" ni mada, na hakuna mji unaoistahili kuliko huu. Anayetaka baiskeli iliyotulia huku nyuma kumekimbia afanye hivi: asimame upande wa kivuli wa barabara za Ngamiani, ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) 100, tundu la lenzi f/11, shata 1/30 ya sekunde, amfuate mwendeshaji kwa kiuno badala ya mikono, abonyeze huku akizunguka na asisimame baada ya kubonyeza. Katika 20 atapata moja nzuri. Juani ni vigumu: kwa ISO 100 na f/16 jua kali linataka 1/100 hivi, ukilazimisha 1/30 picha inaungua. Simu nyingi hazibadilishi tundu la lenzi, kwa hiyo mwenye simu asubiri jua likaribie kuzama.

Na safari za klabu zipangwe kwa jua na maji. Mwanga wa asubuhi hapa kwetu ni waja leo waondoka leo. Tupo nyuzi 5 kusini mwa ikweta, jua linapanda karibu wima, nyuzi 15 hivi kwa saa. Linachomoza karibu na saa 12, na ikifika saa 1 na nusu vivuli vimeshakuwa vikali. Safari inayoanza saa 3 ni ya kunywa chai. Upande wa maji, siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, bahari hujaa karibu saa 10 alfajiri na kupwa saa 4 asubuhi, kwa hiyo akina mama wanaookota kombe utawakuta chini ya jua kali. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni kinyume: hupwa karibu saa 10 jioni, mwanga mtamu, ila bahari haiendi mbali. Kila siku saa hizo husogea kwa dakika 50 hivi. Mpangaji autazame mwezi kwanza, ndipo akodi gari. Hao akina mama waombwe ruhusa kabla ya kupigwa, na watoto waombewe kwa wazazi wao. Bandarini na kwenye maeneo ya jeshi kamera ibaki mkobani bila kibali.

Limebaki moja, na hili nawaambia washiriki. Baadhi ya matangazo, chini kabisa kwa maandishi madogo, husema picha zote zitakazotumwa zitakuwa mali ya mwandaaji. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 picha ni ya aliyeipiga hadi aitoe mwenyewe kwa maandishi. Mwandaaji anachohitaji ni ruhusa ya kuzionyesha picha zilizoshinda, kwa shindano hilo, kwa muda uliotajwa, jina la mpigaji likiwa chini yake. Akidai zaidi ya hapo, muulizeni atalipa shilingi ngapi.

Mpiga picha wa ridhaa,
Chumbageni, Tanga