Hesabu kwanza taa ya mita

Chuno, Mtwara
Jumapili jioni

Shoga yangu Somoe,

Assalaam aleikum. Sisi huku wazima wote, mama magoti yanamsumbua ila sokoni bado anakwenda mwenyewe na hataki kusindikizwa. Kipupwe kimeshika kweli mwaka huu, asubuhi watu wanatoka na masweta.

Nakuandikia kwa sababu siku ile simu ilikata kabla hatujamalizana. Ulikuwa umekasirika, ukasema LUKU unaweka leo keshokutwa imekwisha, mita ina kasoro, na yule mpangaji wa uani anakuibia umeme. Somoe, nakuomba usiende kulalamika kokote wala usimseme mpangaji mpaka uisome barua hii. Mimi nilisema hivyohivyo mwezi wa pili, maneno yaleyale, na kidogo nigombane na jirani kwa kitu kilichokuwa sebuleni kwangu mwenyewe.

Mita yangu iko barazani. Ina taa ndogo nyekundu inayokonyeza, na pembeni yake pameandikwa 1000 imp/kWh. Mdogo wangu aliyesomea umeme chuo cha ufundi cha VETA ndiye aliyenifafanulia: taa ikikonyeza mara elfu moja, yuniti moja imekwenda. Basi usiku mmoja, saa tano, watoto wamelala, tulizima kila taa na feni, friji tukaichomoa kwa muda. TV imezimwa kwa rimoti, sabufa imezimwa kwa rimoti, king'amuzi nacho kimezimwa. Nyumba giza kabisa. Nikakaa kwenye kigoda mbele ya mita na simu mkononi nikihesabu sekunde. Nilitegemea taa isikonyeze tena.

Ikakonyeza. Nikahesabu, ikakonyeza tena baada ya sekunde 100. Nikarudia mara tatu, ni 100 vilevile.

Piga hesabu nami. Kila sekunde 100 mara moja, kwa saa ni mara 36, kwa siku ni 864. Karibu yuniti moja kila siku ya Mungu, na kwa mwezi karibu 26, katika nyumba ambayo sote tungeapa kwamba kila kitu kimezimwa. Na mimi, kama wewe, niko kwenye tarifu ya mtumiaji mdogo. Unajua ilivyo: yuniti 75 za mwanzo kwa shilingi 100 kabla ya kodi na tozo, ukivuka hapo kila yuniti inaruka hadi 350. Theluthi ya zile 75 zangu ilikuwa inaliwa na vitu vilivyolala.

Tukaanza kuvichomoa kimoja kimoja. Tulipotoa sabufa, taa ikachukua sekunde 150. Tulipotoa king'amuzi, ikachukua dakika saba na nusu! Kilichobaki kilikuwa TV, mikrowevu na ile deki ya zamani ambayo hakuna anayeitazama tena. Kwa hiyo wakubwa walikuwa wawili tu. Sabufa peke yake ilikuwa inanimalizia zaidi ya yuniti nane na nusu kwa mwezi ikiwa kimya, na king'amuzi kumi na moja na ushee.

Mdogo wangu aliifungua sabufa nyuma akanionyesha. Ndani mna transfoma, lile pande la chuma lililozungushiwa waya wa shaba, nalo limeungwa moja kwa moja na waya unaotoka ukutani. Unapobonyeza rimoti unanyamazisha spika, transfoma inaendelea kufanya kazi na kupata joto. King'amuzi ndiyo zaidi. Kikizimwa taa yake inabadilika rangi tu, lakini kule ndani kinaendelea kupokea mawimbi, na kichwa cha dishi kule juu ya paa kinapata umeme kutoka kwake. Sasa nikaelewa kwa nini paka wetu siku za baridi analala juu ya king'amuzi na si juu ya kochi. Kesho asubuhi kabla hujawasha chochote, weka kiganja chako juu ya cha kwako. Lile joto ndiyo yuniti zako.

Na fikiria shoga, umeme wetu huku tunajua unakotoka. Gesi inatoka Mnazi Bay, inaletwa kwenye mitambo hapa Mtwara, inachomwa usiku kucha. Mimi inaniuma gesi yetu kuchomwa ili paka apate joto.

Basi nikajiapiza kuchomoa plagi kila usiku. Nilifanya siku nne. Soketi yetu iko nyuma ya kabati la TV, unajua lile kabati lilivyo zito, inabidi nipige magoti, niingize mkono hadi begani, nipapase kwenye vumbi na nyaya. Siku ya tano nilikuwa nimechoka, nikasema kesho. Baba Rehema naye anamaliza kutazama mpira saa sita, huwezi kumwambia apige magoti nyuma ya kabati. Na watoto ni watoto. Hapo ndipo nilipoona kwamba tabu yenyewe haikuwa uzembe wa mtu yeyote. Swichi ilikuwa mahali ambapo mkono haufiki, na swichi ya namna hiyo hata ungeweka kanuni ngapi nyumbani, hakuna atakayeizima mwezi mzima.

Nikanunua ekstensheni yenye swichi kwa kila tundu, nikaiweka juu ya kabati pembeni. TV, king'amuzi, sabufa na deki vyote hapo. Lakini nikakosea kitu kimoja, na nakuambia ili usikirudie: waya wa friji ulikuwa mfupi, nikaona nao niuchomeke palepale. Usiku wa pili Rehema akazima swichi zote kama nilivyomfundisha. Tulikuwa na kilo mbili za samaki changu za kutoka Feri, nimeshazisafisha na kuzitia ndimu, zote zikatupwa. Nilisikitika sana, na mtoto akalia akidhani kosa ni lake. Friji ibaki kwenye soketi yake ya ukutani peke yake, mbali na mkono wa kila mtu. Yenyewe inafanya kazi muda wote, wala si katika hawa wanaolala. Na pasi au jagi la kuchemshia maji usivichomeke kwenye ekstensheni hiyo, waya wake ni mwembamba, utapata moto.

Baadaye fundi akanifanyia kilicho bora zaidi. Alipitisha waya kutoka ile soketi ya nyuma ya kabati, akaleta swichi hadi kwenye mlango wa korido, juu kidogo ya swichi ya taa ya sebuleni. Ina kijitaa chekundu. Ukienda kulala unazima taa ya sebule, kidole kinapanda juu kidogo, ta! Basi, TV na wenzake wote wamekatika kabisa. Ukiona wekundu umebaki, kuna kitu hujakizima. Hakuna anayekumbushwa tena. Hata Baba Rehema usiku wa mpira anazima, kwa sababu mkono wake upo palepale. Ekstensheni, waya, swichi na ufundi vyote vilinigharimu 28,000.

Utaniuliza king'amuzi kikikatwa hivyo hakiharibiki. Changu hakijaharibika. Kinachokera ni kwamba asubuhi kinachukua kama dakika moja na nusu kuamka, kinahesabu weee ndipo picha ije. Nawasha swichi, naenda kutia maji ya chai jikoni, nikirudi taarifa ya habari ipo. Tena nimeona faida nyingine ambayo sikuitafuta: umeme ukikatika usiku na kurudi kwa kishindo kama unavyorudi, vile vitu havipo kwenye mstari. Unakumbuka TV yako ya kwanza ilivyokufa.

Chaja za simu usigombane na watoto kwa ajili yake. Tulizijaribu tatu bila simu, tukasubiri mbele ya mita zaidi ya dakika ishirini, taa haikukonyeza hata mara moja. Zichomoe usiku kwa sababu za bei chee zinaweza kuungua, si kwa sababu ya yuniti. TV mpya nazo si mbaya. Mdogo wangu anasema tangu 1999 Shirika la Kimataifa la Nishati lilitaka vyombo vikiwa vimelala visizidi wati moja, na Ulaya kuanzia 2013 sheria yao ikashusha hadi nusu wati kwa vyombo vingi vya nyumbani. King'amuzi changu kilikuwa kinakula wati 16 kikiwa kimelala! Lakini sheria ya Ulaya haikufuati hadi duka la Lindi, kwa hiyo amini mita yako kuliko karatasi iliyobandikwa kwenye boksi.

Mwezi kabla ya swichi nilitumia yuniti 88. Mwezi wa kwanza baada yake, 69. Maana yake nimerudi ndani ya zile 75, na ukijumlisha na kodi nimeokoa zaidi ya shilingi 6,000, kama kilo mbili za mchele. Ikifika miezi mitano tangu niweke swichi, zile 28,000 zitakuwa zimerudi.

Sasa wewe una ving'amuzi viwili na sabufa kubwa kuliko yangu, ile ya shughuli. Naogopa hata kukisia. Leo usiku, tafadhali, subiri wapangaji walale, mwombe na wa uani azime kwake kabisa, halafu kaa mbele ya mita. Angalia kwanza pameandikwa imp/kWh ngapi, nyingine ni 1600 na hesabu inabadilika. Hesabu sekunde, niandikie namba tu kwenye simu, mimi nitakupigia hesabu. Kama umezima kila kitu, umechomoa kila kitu, na taa bado inakonyeza, hapo nitakuja Lindi mwenyewe twende pamoja kulalamika.

Jumatano mtoto wa shangazi anapita na basi la asubuhi, nimempa ming'oko na korosho kidogo. Mpokee stendi.

Wako,
Zuhura